Rambirambi ya Shilingi Mia Mbili

Kwako Bi Mweri, mshauri wetu wa kila Jumatano,

Baada ya salamu na kukutakia afya njema, naomba msaada wako, na kabla sijaanza naomba jambo moja, usinicheke mpaka ufike mwisho wa barua, maana nimekusoma miaka sita sasa na najua ukianza kumcheka mtu, Likoni nzima inamcheka.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, nakaa Shika Adabu, nina mume na watoto watatu, na kazi yangu ni kupamba mabibi harusi, hina na piko, ile rangi nyeusi ya maua, mikono na miguu, kazi niliyofunzwa na mamangu mkubwa Bi Mwanatatu, ambaye ndiye aliyenilea tangu mamangu mzazi alipofariki nikiwa darasa la tatu. Kazi ni nzuri lakini ina misimu yake, karibu na Ramadhani sipumui, Ramadhani yenyewe hakuna anayeolewa, na baada ya hapo huja mmoja mmoja, na kodi ya nyumba haina msimu. Sasa katika miezi ile ya kukaa bure, mteja wangu mmoja akanitia katika kundi la WhatsApp linaitwa Vuna Mtandaoni, kazi yake ni kutazama video fupi ishirini kila siku, nyingi za paka wa watu, unabonyeza kile kimoyo, unaandika neno zuri chini yake, unawatumia wenzako, na kila video ina malipo yake, shilingi kumi na tano, ila kwanza unatoa elfu moja na mia tano za kuingilia, wenyewe wanaziita ada ya mbegu.

Bi Mweri, mimi si mjinga, nilipima kwanza. Nilisema hawa wakiniandikia kama wale vijana wa kutuma ujumbe wa "umeshinda gari" nitawafuta papo hapo, lakini mlezi wetu kule kundini, anaitwa Dhahabu, alinianza kwa salamu, akaniuliza watoto hawajambo, akaniuliza kazi inaendaje, akangoja nijibu, ndipo akataja shughuli, na mimi nikajua huyu kalelewa. Hana haraka, hana Sheng, hakatakati maneno, ukimwambia kitu anakujibu "abee dadangu", hata mguu wa Mama Mkubwa aliuulizia wiki mbili mfululizo, na mimi nilikuwa nimeutaja mara moja tu. Halafu mwezi wa pili ami yangu, Ami Jafar, akafariki, nikamwambia Dhahabu sitaweza kutazama video siku tatu kwa sababu ya msiba, akaniandikia maneno haya ambayo nimeyaweka mpaka leo: "Poleni sana kwa kuondokewa na mpendwa wenu Ami Jafar. Alikuwa nguzo ya familia, na pengo aliloacha halizibiki. Sisi jamaa wa Vuna tunalia pamoja nanyi." Na chini yake akatuma rambirambi, shilingi mia mbili, zikaingia kwenye simu, ndugu zake mume wangu walioko Ukunda hawakutuma hata salamu. Nikasema basi, mwizi hutoa rambirambi? Mtu aliyeshika msiba wako ni mtu wako.

Na walinilipa, wallahi walinilipa, wiki ya kwanza zilikuja mia saba mkononi na zilizobaki zikaandikwa salio, nikanunua kuku na nazi, mume wangu ambaye siku zote alikuwa akinitania akala paja na akaomba jengine. Nikapanda daraja la pili kwa elfu nne, na tangu hapo salio langu linaongezeka tu, leo limeandikwa elfu arubaini na sita na mia mbili, nalitazama nikiwasha jiko, nalitazama nikizima jiko. Lakini nilipotaka kuzitoa nikaambiwa mwenye daraja la pili hawezi kutoa, mpaka apande la tatu, na la tatu halinunuliwi kwa pesa yako, ni lazima ulete wavunaji wapya kumi na wawili kabla ya Ijumaa saa sita mchana, la sivyo pesa zote zinarudi ghalani, na kuna saa pale kwenye simu inahesabu kurudi nyuma.

Nakuficha nini Bi Mweri, kazi yangu imeharibika. Wiki iliyopita nilikuwa na bibi harusi wa Mtongwe, niko kwenye mkono wa kulia, ua kubwa la katikati, simu ikalia ule mlio wa saa ya kuvuna, mkono wangu ukaenda wenyewe kubonyeza kimoyo, piko ikaburuzika kutoka kwenye ua mpaka kwenye kidole gumba, yule binti akalia, mamake akanilipa nusu na akaniambia "hiyo nusu nyengine kadai kwenye simu." Mume wangu naye akirudi kazini na kukuta sufuria imegeuzwa chini huuliza, "Leo umewapenda paka wangapi wa watu? Na mimi je, nibonyeze wapi nipate uji?"

Sasa shida yenyewe ni hii. Tuna kikundi chetu cha wanawake, tunanunua leso za aina moja, harusi ni sisi, msiba ni sisi, tunapika, na akifa mwanamke ni sisi tunaomwosha na kumvisha sanda. Nikawaeleza, na kumi na mmoja wakakubali bila kuuliza hata swali, na wataniletea pesa zao Alhamisi baada ya alasiri. Amebaki mmoja. Nikaenda kwa Mama Mkubwa, si kumwingiza, wallahi nilikwenda kumsalimia tu na kumlalamikia kwamba nimepungukiwa na mtu mmoja, akanisikiliza, akafungua sanduku lake, akatoa leso iliyofungwa fundo, elfu sita, nazijua pesa zile, kila Idi hunifungulia na kunionyesha, hizi za bafta, hizi za pamba na kafuri, hizi za marashi na udi, asije akamsumbua mtu siku yake ikifika.

Nikamwambia, "Mama Mkubwa, hizi si za sanda?"

Akaniambia, "Ndizo. Kwani mie n'nakufa wiki hii?"

"Mungu apishe mbali."

"Basi, acha zende zikafanye kazi, zisikae kitako kama mimi. Na usinipe maelezo. Wewe ukiniambia jambo ni la kweli, mie niulize nini tena?"

Nikazipokea, Bi Mweri. Tangu siku ile chakula hakipiti. Bado sijazituma, ziko kwenye pindo la leso yangu, na nilipomwambia Dhahabu kwamba mzee ana elfu sita akanijibu kuwa mwenye elfu sita anaanzia daraja la pili moja kwa moja, na akamwombea umri mrefu. Niambie, hizi programu za kupata pesa mtandaoni ni za kweli au si za kweli? Ukiweza nijibu kuwa ni za kweli. Ukishindwa, basi nijibu pole pole. Namba ya Dhahabu nimeiandika hapa chini, muulize mwenyewe, utaiona adabu yake.

Ni mimi,
Mpambaji, Likoni

*

Mwanangu Mpambaji,

Nimecheka. Nilingoja mpaka mwisho kama ulivyoniomba, kisha nikacheka mpaka nikavua miwani. Halafu nikairudia barua yako, nikafika tena pale kwenye fundo la leso, kicheko kikakatika.

Ulificha jina lako vizuri sana, kisha ukamtaja mamako mkubwa kwa jina, kwa sanduku na kwa ugonjwa wake. Jina nimelibadilisha, na ule ugonjwa haukuwa wa mguu. Unishukuru.

Ulitaka jibu pole pole. Haya: la. Hiyo yako si ya kweli. Kaa kitako kwanza, unywe maji, ndipo tuendelee.

Barua yako imenifikia Jumatatu, na gazeti hili utalisoma Jumatano. Ningekupigia simu siku ile ile nikuokolee siku mbili za kukosa chakula, lakini hukuacha namba yako, uliacha ya Dhahabu. Basi nikafanya ulivyoniagiza. Nikamwandikia Dhahabu.

Lazima nikueleze kwanza kwamba hapa Changamwe nafuga mbuzi wanne nyuma ya nyumba, majirani wanawajua na wanawalalamikia. Beberu wao nimempa jina la shemeji yangu, Kadenge, kwa sababu ya ndevu. Nikamwamkia Dhahabu, akaniitikia vizuri, akaniita mama, akaniuliza nyumbani hawajambo. Kweli adabu anayo, hapo hukusema uwongo. Nikamwambia natamani sana kuvuna, ila nyumbani tumefiwa ghafla na Kadenge, aliyekuwa na ndevu nzuri na sauti kubwa, na sasa nyumba imepoa. Mungu anisamehe, kila neno lilikuwa kweli isipokuwa kufa.

Maji ya chai hayajachemka, jibu likaja. Nalinakili hapa bila kuongeza nukta: "Poleni sana kwa kuondokewa na mpendwa wenu Kadenge. Alikuwa nguzo ya familia, na pengo aliloacha halizibiki. Sisi jamaa wa Vuna tunalia pamoja nanyi." Na chini yake shilingi mia mbili. Na chini ya mia mbili: "Matanga yakiisha, mama, kumbuka nafasi zinafungwa Ijumaa saa sita."

Hiyo nguzo ya familia ilikuwa imesimama mlangoni wakati huo, inatafuna ukingo wa mkeka wangu.

Zile mia mbili nimenunulia pumba. Sijui zilitoka kwenye ada ya mbegu ya nani, huenda ni yako. Siku ukija huku upande wetu pita umwone Kadenge, ujue una mbuzi unayemlisha.

Samahani, mwanangu. Najua yale maneno uliyaweka kwenye simu kwa sababu ulimpenda ami yako, na inauma kuona alililiwa kilio kimoja na beberu. Nimekuonyesha ili uone kwa macho yako, kwa sababu najua ningekuambia tu ungesema Bi Mweri hamjui Dhahabu.

Kosa lako nalijua, maana ni kosa letu sote watu wa pwani. Aje mtu na Kiswahili cha kuvunjika kutuuzia sabuni, tutamhoji mpaka atoe cheti cha kuzaliwa. Aje mwengine na salamu tatu, "abee", "inshallah" na pole ya mgonjwa, huyo tunampa ufunguo wa nyumba na kumuuliza atakula nini. Wewe hukupima ile biashara, mwanangu. Ulipima malezi ya msemaji wake. Na adabu ni nguo tu, mwema huivaa na mwizi huivaa, tena mwizi ndiye huipiga pasi. Kuhusu zile mia saba za kwanza na kuku mliyemla, hivi hujawahi kufuga kuku wa Idi? Wiki ile ya mwisho huwa anatupiwa mtama kuliko wote, naye anadhani amependwa.

Usidhani nasema haya nikiwa nimeketi juu. Mwaka ule wa kware, unaukumbuka? Kila mtu alikuwa anafuga kware, mayai yake yanatibu kila kitu, yai moja bei ya kilo ya sukari. Mimi, mwanamke niliyekuwa nikiwashauri wenzangu kwenye gazeti, nilinunua kware mia na ishirini. Aliyeniuzia alikuwa mtoto wa watu, mpole, ananiita shangazi. Ilichukua miezi mitano kugundua kwamba mnunuzi wa mayai yangu alikuwa ni mtu mwengine anayetaka kuanza kufuga kware, na watu hao walipokwisha, biashara nayo ikaisha. Tulikula kware wa kukaanga, kware wa nazi, kware wa mchuzi, mpaka wanangu wakisikia sufuria inafunikwa wanakwenda kula kwa jirani.

Kwa hiyo nikikuuliza swali hili, ujue nimelinunua kwa bei ghali: nani anayelipa, na analipia nini? Wewe ukimpaka bibi harusi piko, namjua anayelipa na najua alichopata. Sasa niambie, ni nani huyo duniani anayekulipa shilingi kumi na tano ili wewe wa Shika Adabu umbonyezee kimoyo paka wake? Mwenye paka hakujui. Mwenye sabuni ambaye angetaka kutangaza sabuni yake hakujui. Pesa pekee inayoingia mule ndani ni ada ya mbegu, na mbegu yenyewe ni mtu aliyeingia baada yako. Fikiria leo mlango ufungwe, asiingie mtu mpya hata mmoja. Kesho utalipwa? Kama jibu ni hapana, hiyo si kazi, ni upatu uliovalishwa simu. Na mwajiri gani uliyewahi kumsikia, akuajiri halafu akudai kiingilio, na ukidai mshahara akuambie kalete kwanza watu kumi na wawili? Yule mama wa Mtongwe alikulipa nusu, lakini alikulipa. Hakukuambia nusu nyengine iko ghalani.

Sasa nisije nikasomwa vibaya na vijana, wakasema Bi Mweri ni adui wa mtandao. Wapo wanaopata, nawajua. Yuko binti Ziwa la Ng'ombe, anaitwa Velma, anauza viatu vya mtumba. Anakichukua kiatu kichafu kilichokunjamana, anajipiga video akikiosha, akikishona, akikipaka rangi, anamaliza kinang'aa. Leo anatumiwa oda mpaka Malindi. Lakini nilimuuliza ilichukua muda gani, akanijibu, "Bi Mweri, mwaka mzima wa kwanza mtazamaji wangu alikuwa mamangu, tena alikuwa anatazama kwa sababu nilikuwa nimemwekea bando." Na pesa anayopata haitoki mtandaoni, inatoka miguuni mwa watu wanaotaka viatu. Mtandao ni kibao tu cha kuonyesha duka liko wapi. Wapo pia wanaolipwa kwa matangazo kwenye video zao, kweli, lakini ni wachache, ni kazi ya miaka, na hakuna hata mmoja wao aliyetozwa kiingilio wala kuhesabiwa saa.

Na ile saa inayohesabu kurudi nyuma, hebu niambie, uliona wapi halali inayokukimbiza? Wanaokukimbiza wanaogopa ukipumzika kidogo utafikiri.

Mwenye duka hapa ni wewe. Una mikono ambayo mabibi harusi wa Likoni wanaililia, na miezi yote hiyo imekuwa ikibonyeza vimoyo vya paka wa watu, wakati hakuna video hata moja ya maua yako. Siku utakapopaka tena, omba ruhusa ya mwenye mkono, muite mwanao akushikie simu, na wewe usiiguse kabisa mpaka piko ikauke. Sikuahidi utajiri. Nakuahidi tu kwamba atakayekupigia simu atakuwa anataka piko.

Basi hayo ni ya kazi. Sasa nije kwenye jambo lililonikatiza kicheko, na hapa sitanii.

Mpaka leo hii, mwanangu, wewe ni mtu aliyeibiwa. Watu walioibiwa ni wengi, hakuna aibu, mimi nilikula kware. Lakini Alhamisi alasiri ukipokea pesa za wale wanawake kumi na mmoja, na Ijumaa ukazituma pamoja na zile za mamako mkubwa, hutakuwa tena aliyeibiwa. Utakuwa umeajiriwa na Dhahabu. Huenda Dhahabu naye alianza hivi hivi, mtu mpole mwenye salio la kutazama akiwasha jiko, amebakiza watu kumi na wawili tu.

Wewe unajua tayari. Mtu asiyejua chakula kinampita. Ulikwenda kwa Mama Mkubwa "kumsalimia tu", ukamlalamikia kwamba umepungukiwa na mtu mmoja, wewe unayejua ndani ya lile sanduku kuna nini na aliyekulea hajawahi kukunyima kitu. Wallahi ungekuwa mbele yangu ningekuvuta sikio, kisha ningekukumbatia.

Kwa hivyo fanya hivi. Gazeti hili likifika mkononi mwako, kabla hujalikunja uwe umeshasimama. Chukua leso yako na fundo lake uende kwa Mama Mkubwa. Usimtumie mtu, usipige simu. Kaa chini, mpe shikamoo, weka fundo mapajani mwake na useme, "Nilikuwa nimekosea. Si ya kweli." Yeye alikuambia ukisema jambo ni la kweli hana swali. Ukisema si la kweli pia hatauliza, na hapo ndipo utajua alichokuwa amekupa siku ile. Mwache azihesabu mbele yako kama anavyozihesabu kila Idi, za bafta, za pamba na kafuri, za marashi na udi.

Ukitoka hapo, nenda kwa wale kumi na mmoja, mlango kwa mlango, leo hii hii. Usiandike kundini. Uliwaita kwa mdomo, watoe kwa mdomo. Wengine watakucheka, na mmoja atasema alijua tangu mwanzo, yupo mmoja kila kikundi. Mchekee naye. Namba ya Dhahabu iripoti polisi na kwenye kampuni yako ya simu, kisha uifute, na asikurudishe kwa kukuuliza mgonjwa anaendeleaje, maana atauliza. Salio la elfu arubaini na sita usililie, halijapotea, halikuwapo. Ulizotoa mfukoni mwako, hizo zililie siku moja, siku ya pili uchanganye hina. Na yule bibi harusi wa Mtongwe, akijifungua mtoto wa kwanza, nenda ukampake bure siku ya arubaini. Mumeo mpikie uji, keshabonyeza vya kutosha.

Umeniuliza mwizi hutoa rambirambi? Hutoa, umeona, na ya mbuzi pia hutoa. Alichoshindwa kutoa Dhahabu ni kuja. Siku ya Ami Jafar waliokuja kukupikia na kukushika mkono ni wale wanawake wa leso, na ndio uliotaka kuwapeleka kwake.

Mamako mkubwa Mungu ampe miaka mingi. Lakini siku yake itafika, kama yangu na yako, na watakaomwosha ni wanawake hao hao. Kabla hawajamwosha, mmoja wao atakwenda kwenye lile sanduku, ataitafuta leso yenye fundo, na wewe utakuwa umesimama pale unamtazama akilifungua.

Nenda leo.

Bi Mweri, Changamwe